Nakurekodi, Shaame

Kwenye simu Shaame alimpa mkewe Mwanapili talaka. Mbele ya kadhi akaruka kimanga. Mwanapili akatoa sauti aliyomrekodi. Kadhi akaikataa. "Hukumwambia unamrekodi, mama. Hiyo ni sauti ya wizi."

Bila ushahidi angebaki mke wa mtu asiyemtaka. Akampigia tena kwa spika, simu ya jirani yake, Bi Raya, ikirekodi pale mkekani.

"Unataka nini? Si nilishakuacha?" Shaame alifoka.

"Nakurekodi, Shaame. Rudia."

"Dume zima, ulimi umeingia tumboni!" Bi Raya akacheka.

Mwanapili akamziba mdomo kwa kiganja. Shaame hakukata simu. Alisikika akivuta pumzi ndefu, na Mwanapili akainama kusikiliza mpaka shavu likagusa mkeka.