Salamu ya Lufingo

"Ugonile, daktari?"

Neno hilo la Kinyakyusa nilifundishwa jana yake tu: umelala? Nikamwambia ukweli yule bibi aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Sijalala, bibi. Siku ya nne leo. Tangu nikabidhiwe simu hii ya zamu, hainipi nafasi."

Wagonjwa wote waliokuja kituo chetu cha afya cha Lufingo wakaangua kicheko. Kumbe ni salamu tu!

Bibi hakucheka. Aliichukua simu kwa vidole viwili, akaifukia kikapuni chini ya ndizi, kisha akanionyesha kitanda cha wagonjwa.

"Lala. Sisi tutangoja."

Nilikuwa nimeshavua viatu simu ilipolia. Bila shaka ni Fulgence, bosi wangu, mgeni Rungwe kama mimi. Bibi akaitoa, akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Ugonile?"

Akasikiliza kwa muda mrefu, akitikisa kichwa.

"Pole, mwanangu. Basi na wewe njoo."