Mikono Masikioni

Ngoma zilikatika katikati ya wimbo wa chama, na kabla hajageuka, dada mtu alishajua: Évariste ameziba masikio.

Kila asubuhi wafanyakazi wa ofisi yao huichezea bendera ya chama uani kabla ya kushika kazi. Évariste, karani wa miaka thelathini asiyewahi kukosea faili hata moja, huvumilia kwa kuhesabu vifungo vya abakosti, suti isiyo na tai ambayo wakubwa wa chama huvaa. Leo wameongeza filimbi.

“Citoyen,” mkubwa wa chama alisema polepole, akimwita mwananchi kwa Kifaransa cha chama, “wimbo yetu inakuumiza?”

Wiki iliyopita dereva mmoja alicheka wakati wa wimbo, watu wa chama wakamchukua. Mpaka sasa mke wake anazunguka Bukavu na sahani ya bugali, hajui aipeleke wapi.

Dada alijipenyeza mbele. Tangu shule ya msingi, yeye ndiye mdomo wa mdogo wake.

“Papa, utusamehe. Masikio yake iko na ugonjwa. Inatoka usaha tangu utoto, uliza hata mutaa yote!”

Mkubwa hakumtazama. Alimsogelea Évariste mpaka pua zikakaribiana.

“Ni kweli, citoyen?”

Dada alimfinya mkono, kucha zikazama nyamani. Évariste aliziangalia zile kucha, akalifikiria swali taratibu, kama anavyofikiria kila swali.

“Apana,” alisema. “Masikio yangu iko muzima. Ni makelele yenu ndiyo mubaya.”

Wachezaji wote wakarudi nyuma hatua moja, wakawaacha ndugu hao wawili peke yao katikati ya ua.