Muda wa Kusubiri

Siku hizi kila mtu ana chipu ya kumbukumbu nyuma ya sikio, na anayechelewa kujibu kazini hadumu. Kwa hiyo watu hupunguza muda ambao chipu husubiri kabla ya kujibu. Ukiupunguza kidogo, unakuwa mwepesi. Ukizidisha, chipu inajibu kabla haijamaliza kusoma kumbukumbu zako zote.

Ndiyo maana mume na mke hawapunguzi siku moja. Mmoja hubaki na akili iliyotulia ili ampime mwenzake kabla hajatoka nyumbani. Lakini asubuhi ile mimi na mume wangu Kibwana sote tulikuwa na usaili, kwa hiyo nilipunguza yangu, naye akanakili vipimo vyangu vilevile.

"Tulifunga ndoa wapi?" nilimuuliza mlangoni.

"Pangani, kwa shangazi yako."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mwanahawa."

"Tuna watoto wangapi?"

"Bado hatujajaliwa, mke wangu."

Alijibu bila kusita, na kwa nilivyokumbuka mimi, yote yalikuwa sahihi. Nikashusha pumzi.

"Mama," sauti nyembamba ikaita kutoka chumba cha pili, "soksi zangu za shule ziko wapi?"

Kibwana alinivuta nyuma yake taratibu. "Usiitike," alininong'oneza. "Nani kaingia humu ndani?"

Nilikuwa naitazama mikono yangu. Ilikuwa imeshika kontena dogo la chakula, la rangi ya waridi, na ilikuwa inalifunga kifuniko kama inavyofanya kila asubuhi.