Mwombaji wa Saba

Mwombaji wa saba alipoingia ofisini, meneja Wiryawan aliangusha kalamu. Aliinama kuiokota, na akakaa chini ya meza muda mrefu kuliko unaohitajika kuokota kalamu.

Bi Palupi, aliyetumwa kutoka makao makuu Surabaya kusimamia usaili, ndiye aliyemkaribisha mgeni kiti. Mgeni huyo alikuwa mama wa makamo, jina lake Yunarsih, amevaa blauzi ya batiki ya kutokea. Duka lao la vyombo pale Semarang lilikuwa na nafasi moja tu ya muuzaji, na wasichana sita walikuwa wameshasailiwa.

"Tangazo lilisema mwisho miaka ishirini na mitano," alisema meneja alipoibuka, macho kwenye karatasi.

Bi Palupi akamkumbusha kwamba sharti hilo lilifutwa tangu mwaka jana. Meneja akasema, ah, kumbe.

Akaanza kumkaba kwa maswali. Wale sita aliwauliza kama wanajua kurudisha chenji. Huyu alimtaka aeleze sufuria ipi haifai kwa jiko la umeme, na kwa nini. Yunarsih alijibu yote, kisha akaongeza kwamba zile sufuria zilizopangwa mlangoni hulegea mpini baada ya miezi mitatu. Anayo moja nyumbani. Bi Palupi akaliandika hilo.

"Kazi yenyewe ni kusimama kutwa," alisema meneja. "Utaweza?"

"Nimesimama jikoni miaka ishirini na mitatu bila likizo. Hapa nasikia kuna siku ya mapumziko kila wiki."

"Na akija mteja mkorofi, asiyeridhika na chochote?"

"Huyo namjua, bwana meneja. Unamwitikia ndiyo, halafu unafanya ulichokusudia. Ataondoka akidhani ni yeye aliyeamua."

Bi Palupi alicheka mpaka akavua miwani. Akamuuliza kwa nini anataka kazi sasa, umri huu.

Yunarsih akapunguza sauti. Alisema mwanawe wa mwisho amekwenda chuo Yogyakarta, na nyumba imekuwa kimya. Mchana kutwa anazungumza na vipande vya tempe, ile ya soya, kikaangoni. Mumewe hurudi jioni akiwa ameshayamaliza maneno yote kazini. Mwaka mzima amekuwa akimwomba ruhusa ya kufanya kazi, na jibu lake ni lile lile, kwamba hakuna duka litakalomtaka.

"Mwanamume gani huyo," alisema Bi Palupi, akimgeukia meneja.

"Pengine naye huchoka," alisema meneja.

Lakini maswali yalikuwa yamemwishia. Kwa mara ya kwanza tangu yule mama aingie, alimtazama usoni, akamtazama vizuri, kisha akasema kwamba kusema haki, wale sita hawamfikii.

Ikaamuliwa aanze Jumatatu. Ilibaki karatasi moja tu, ya idhini ya mume, ambayo kampuni iliidai kwa kila mwanamke aliyeolewa. Bi Palupi akamkabidhi, akamshauri aende nayo nyumbani, amsubiri mumewe ashibe kwanza, halafu amwombe sahihi kwa upole.

Yunarsih hakuitia mkobani. Aliisukuma juu ya meza hadi mbele ya meneja, na Wiryawan akatia sahihi.