Bundi wa Mama Tuye

Sauti ilipotoka kichakani, Daktari Roda alisimama ghafla akamshika Galgallo mkono. Galgallo akashusha pumzi. Kumbe mke wake alikuwa ameamka kweli.

Mpango yeye na mkewe waliupanga jana yake. Galgallo, anayewatembeza wageni kuangalia ndege kwenye msitu wa kando ya Tana, alijua vizuri kwamba bundi mvuvi hajasikika tangu mto ulipofurika. Alijua pia kwamba kesho kamati ya kuamua hatima ya msitu inakaa, na Daktari Roda, mtafiti wa ndege, ndiye atakayeipa taarifa. Bundi akiwepo, msitu unabaki. Asipokuwepo, unapewa mwekezaji wa matikiti, uzio unawekwa, na nyumba ya Galgallo iko ndani ya uzio huo. Ng'ombe wao waliishia kwenye ukame kule Buna walikotoka. Kuhama tena, waende wapi na watoto?

Akamwomba mke wake, Gumato, ajifiche kwenye mikindu chini ya mkuyu mkubwa, aite kama bundi. Gumato ni binti wa mrina asali. Tangu utotoni anajua kupuliza viganja kumwita yule ndege anayeonyesha nyuki, na bundi kwake si kazi.

"Kujifanya bundi ni kujiitia balaa," Gumato alisema.

"Balaa tunayo tayari, Mama Tuye. Nisaidie."

Basi balaa leo ilikuwa ikiimba vizuri ajabu. Sauti nzito, ya chini kabisa, mtu anaisikia kifuani kabla ya masikioni. Jana nyumbani hakuimba hivi.

"Ndiye," Roda alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

Galgallo aliona haya. Daktari huyu alikuwa mtu mwema. Tangu alfajiri, Galgallo alipokwenda kumpokea kule Waberi, alikuwa akimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa na kumuuliza habari za watoto. Kumdanganya mtu wa namna hii ni dhambi, hilo alilijua. Lakini dhambi utaitubu; nyumba ikishavunjwa imevunjwa.

"Basi umesikia, daktari. Andika, twende tukaone korongo kule kwenye mchanga."

"Siwezi kuandika. Kamati haitaki sauti. Siku hizi mtu anacheza sauti kwenye simu halafu anasema ni ndege. Lazima nimwone, hata mkia tu."

Hilo hakuna aliyemwambia Galgallo. Na Roda alishaanza kuelekea kichakani, darubini mkononi, huku mle ndani mtu anaimba kana kwamba amelipwa. Tena sasa ameongeza na sauti ya pili, nyembamba kidogo, inayoijibu ile ya kwanza. Ya Rabi, anajijibu mwenyewe. Kazi ya dakika mbili mwanamke ameigeuza harusi.

"Daktari, usiende huko. Kuna nyati."

"Sijaona alama ya kwato hata moja."

"Wallahi yuko. Amejeruhiwa, na juzi alimrusha mtu."

Kiapo kilimchoma ulimi, lakini Roda alisita. Akasema basi wazunguke kwa upande wa mto. Galgallo akasema upande wa mto kuna mamba, na hilo angalau lilikuwa kweli.

"Haya, tungoje hapa hapa," Roda akasema, akakaa kwenye mzizi na kuelekeza darubini. "Nina subira. Atatoka mwenyewe."

Hapo ndipo Galgallo alipokata tamaa. Gumato alikuwa na kikohozi. Akikohoa mara moja tu, yamekwisha: msitu umekwenda, na yeye atajulikana Garissa nzima kuwa tapeli, asipate mgeni mwingine hadi kaburini. Akainama, akaokota bonge la udongo mkavu.

"Ngoja nimfukuze huyo nyati," akasema, na kabla Roda hajamzuia alilirusha kwa nguvu zake zote juu ya kichaka, mke wake aelewe atoroke.

Likapiga matawi kwa kishindo. Sauti zote zikakatika. Majani yakatikisika, kitu kikapita nyuma yake, kikaenda zake.

"Nimeona kitu cha kahawia," Roda akasema, akihangaika na darubini. "Hakikukaa. Sikukiona vizuri."

Gumato ana mtandio wa kahawia. Alhamdulillahi, Galgallo alijisemea, ameelewa.

Walingoja mpaka jua likawa kali. Hakuna kilichoita tena. Mwishowe Roda alifuta jasho, akarudisha darubini kwenye mkoba polepole.

"Ningemwona kidogo tu, Galgallo. Sasa kesho nitawaambia nini?"

Galgallo alimpeleka hadi kwenye gari, wakapeana mikono, gari likashika njia ya Nairobi. Alipobaki peke yake alilia, mtu mzima na ndevu zake. Msitu walikuwa wameupoteza. Alijituliza kwa jambo moja tu, kwamba aibu wameikwepa.

Nyumbani alimkuta Gumato zizini, amepiga magoti, damu imemfika viwikoni. Mbele yake mbuzi alikuwa akimlamba mwanawe mchanga. Galgallo alitaka kumgombeza kwa ile sauti ya pili, lakini mkewe alimwahi.

"Baba Tuye, usinikasirikie. Ulipotoka tu, mbuzi huyu akashikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Sijatoka hapa tangu alfajiri." Akainua uso kumtazama. "Kwa hiyo mgeni ameondoka bila kusikia kitu?"