Kidole cha Kuchumia Miraa

Daktari aliinua picha ya eksirei ya wiki iliyopita kwenye mwanga wa dirisha. Mithika hakuitazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama mfukoni mwa koti, na jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

"Kidole kilipona zamani," daktari akasema. "Mfupa mzima, ngozi nzima."

"Mbona kinawaka, basi? Nikigusa tu kijiti cha miraa, ni kama nimeshika kaa la moto. Miaka miwili! Huko Laare sasa wananiita mvivu."

"Ni neva. Panga lilipokukata, chembe zake zilibadilika. Vilango vyake vidogo vya kupitishia ishara havifungi tena, kwa hivyo zinapiga nduru ya moto na moto haupo. Hata tukikikata, neva zilizobaki mkononi zitaendelea na nduru. Tujaribu dawa nyingine. Hebu nikione."



Kwa mkono wa kushoto Mithika akatoa furushi dogo la jani la mgomba, limefungwa kwa ustadi, vile kwao hufunga miraa isinyauke njiani. Akaliweka mezani.

"Nilikikata asubuhi," akasema. "Bado kinawaka. Nimekifunga vizuri, daktari. Kirudishe."