Jibu Refu la Digidigi

Siku ya mtihani wa kusema Kiingereza walikuwapo Korongo aliyekuwa mtahini, Mwalimu Kasuku, Digidigi aliyekuwa mtahiniwa, na Bi Kanga, yule wa madoadoa, si yule kanga mwenye kishungi aitwaye kororo. Atakayefaulu angepewa kazi ya ulinzi wa mbuga.

Digidigi alizoea kujibu neno moja. Kasuku alikuwa amemfunza mwezi mzima. "Mwanangu, neno moja halina alama. Shukuru kwanza kwa swali, toa sababu, leta mfano, ndipo ujibu."

Digidigi akafaulu, na Kasuku akatembea kifua mbele.

Juma lililofuata, Bi Kanga alikuwa akichakura karibu na kichuguu aliposimama Digidigi akilinda. Nyasi zikatikisika. Digidigi akamwona chui.

"Mjukuu wangu, waona nini huko?"

"Nakushukuru kwa swali lako, bibi. Nyasi hutikisika kwa sababu nyingi. Kwa mfano, jana upepo..."

Kasuku naye alimwona chui kutoka mtini. Lakini maisha yake yote hakuwahi kumkatiza mwanafunzi katikati ya jibu, akangoja amalize. Hilo ndilo analojutia mpaka leo. Neno chui lilikuja la mwisho, limetamkwa sawasawa.

Bi Kanga alifariki asubuhi hiyo.